Hivi kwa nini ndege wanazalia juu ya mamba? Nimetoka visiwa vya Ranganathittu huku India, wajuvi njooni

#1 Kasia la Kale
Wakuu salama. Mi nipo Mysore kusini mwa India kimasomo, Jumapili tukajikusanya Wabongo na Wakenya kadhaa tukaenda Ranganathittu. Ni hifadhi ya ndege katikati ya mto Kaveri, sio mbali na mjini, visiwa vidogo vidogo vimejaa miti, mianzi na mikadi. Unapanda boti la makasia, jamaa wa idara ya misitu anapiga kasia taratibu mpaka unafika chini ya viota kabisa, yaani ukinyoosha mkono ni kama utashika tawi (usinyooshe!).

Aisee nilichokiona sijawahi kukiona popote. Mti mmoja una korongo weupe wenye pinki mkiani, domomwiko, kwarara, mnandi, yangeyange, wote wanalea pamoja, makelele na harufu ya samaki. Jua lilikuwa kali, korongo mmoja alikuwa amefungua mabawa yote mawili kasimama dhidi ya jua, vifaranga vitatu viko kivulini mwake vimeachama midomo, na hakuyafunga muda wote tuliokaa pale.

Sasa ndo nije kwenye swali. Chini ya mti huohuo, juu ya mwamba, mamba kalala kaachama mdomo. Mwamba wa pili mamba mwingine. Na ng'ambo, kwenye kingo za mto, kuna miti mizuri tu mirefu, na haina viota kama huku. Kwa nini mzazi mwenye akili aache mti wa nchi kavu aje kulea juu ya mamba? Mi msimamo wangu ni kwamba mamba ndo askari wao, wamemfuata yeye. Anayepinga aje na hoja.

Halafu muongozaji alituambia hao korongo wanatoka Siberia kila mwaka, nayo imeniacha hoi, safari yote hiyo!

#2 Dada wa Capri Point
Uzi mtamu, picha ziko wapi mkuu?

#3 Chatu Mpole
Mamba askari? Mkuu kifaranga kikidondoka nani anakila? Huyo sio askari huyo, ni mpangaji wa chini anayesubiri chakula kishuke.

#4 Kasia la Kale
@Dada wa Capri Point bando la hosteli linasumbua, nitapandisha usiku.
@Chatu Mpole anaweza kuwa vyote viwili, soma taratibu.

#5 Mzee wa Mabwawa
Habari za humu. Nimefanya kazi na ndege wa majini miaka mingi, naomba kwanza turekebishe hilo la Siberia maana linarudiwa sana na waongoza watalii. Huyo korongo mwenye pinki ni mkazi wa Asia Kusini na Kusini Mashariki, India na Sri Lanka yupo mwaka mzima, anahamahama tu ndani ya eneo kufuata maji na samaki. Hata mwari wa pale ni wa hukohuko. Kuna ndege kweli wanashuka kutoka kaskazini ya mbali, mfano bata bukini wenye mistari kichwani wanaovuka Himalaya na kutua mabwawa ya karibu na Mysore wakati wa baridi, pamoja na bata na vitwitwi wengi. Ila hao wanakuja kula na kupumzika, kuzaliana wanazaliana kwao. Anayejenga kiota Ranganathittu ni mwenyeji.

Na huyo korongo ana ndugu yake wa damu huku kwetu, yule korongo mweupe wa mdomo wa njano na uso mwekundu mnayemwona Manyara na Rufiji. Jenasi moja. Hata namna ya kuvua ni moja, anaweka mdomo wazi ndani ya maji ya tope, anapapasa, samaki akigusa tu mdomo unafunga.

Kuhusu mamba, wale ni mamba wa India, sio mamba wa Nile tuliowazoea. Mdomo wake mpana na mfupi zaidi, na kwa kawaida mwili hafiki ukubwa wa wa kwetu. Kuachama mdomo kwenye mwamba ni kupunguza joto, hana hasira na mtu.

#6 Kasia la Kale
Asante sana Mzee, hiyo ya Siberia nitawaambia na wenzangu. Na askari je?

#7 Mzee wa Mabwawa
Askari wa kwanza ni maji yenyewe. Adui mkubwa wa koloni la ndege ni anayekuja kwa miguu na kupanda mti: nyani, nguchiro, paka pori, nyoka, kenge. Kisiwa kimezungukwa na mkondo, wengi wanakwama hapo. Mamba anaongeza ugumu tu kwa anayejua kuogelea. Ukiwaondoa mamba kesho ndege hawatahama. Ukikausha maji watahama, hiyo nina uhakika nayo.

#8 Msafiri wa Pakwach
Wapendwa, mimi ni Mganda, naomba niingie. Kwetu Murchison Falls kwenye mto Nile kuna ndege anaitwa chekeamwezi, yule wa macho makubwa anayelia usiku. Huyu anataga kwenye mchanga karibu na mahali mamba jike amefukia mayai yake. Karibu kabisa! Kenge akija kuiba mayai, mamba anamfukuza, na ndege naye akimwona kenge mapema anapiga kelele, mamba anaamka. Hapo hakuna kisiwa wala mti mrefu, ni mchanga mtupu wa ukingoni. Kwa hiyo Mzee wa Mabwawa, hapo maji hayalindi kitu. Anayelinda ni mamba.

#9 Kasia la Kale
Naam! Na chekeamwezi mkubwa wa kule India nilimwona juu ya mwamba Ranganathittu, katulia hatua chache kutoka kwa mamba!

#10 Mzee wa Mabwawa
Msafiri, mfano wako ni mzuri na ni wa kweli, ila ni wa ndege mmoja anayetaga chini. Usiutumie kwa koloni la miti.

#11 Binti Malisho
Basi chukueni wa koloni la miti. Kule Everglades, Florida, watafiti walipima afya ya aligeta (jamii ya mamba wa Marekani) wanaoishi chini ya makoloni ya yangeyange na korongo, wakalinganisha na wanaoishi mbali na makoloni. Wa chini ya ndege walikuwa na hali nzuri ya mwili kuliko wenzao, maana wanakula vifaranga wanaodondoka au kusukumwa na ndugu zao. Na ndege nao wanafaidi kwa sababu rakuni, mnyama wa kule anayepanda miti na ndo mwizi mkuu wa mayai, anaogopa kuogelea penye aligeta. Rakuni wakifika kisiwani koloni zima linaweza kuachwa kwa muda mfupi sana.

Kwa hiyo Chatu Mpole ulichosema #3 ni kweli na alichosema mleta uzi ni kweli. Vifaranga wanaoanguka ni kama ada ya ulinzi.

#12 Chatu Mpole
Ada ya ulinzi inalipwa kwa watoto 😳 mi sihamii huko.

#13 Otieno wa Dunga
Wasee hii thread imenibamba. Sasa mimi nawauliza, marabu wa Nairobi analindwa na mamba gani? Pale karibu na Nyayo Stadium miti ya barabarani imejaa viota vya hao korongo, chini ni matatu na honi mchana kutwa. Hakuna mto, hakuna kisiwa, hakuna mamba. Na wamezaa hapo miaka na miaka. Ukipaki gari chini utajua hujui.

#14 Msafiri wa Pakwach
Kampala pia wamejaa tele.

#15 Binti Malisho
Marabu anafuata takataka Otieno, dampo na machinjio. Ila umegusa jambo, mjini nani atampandia mti ale mayai? Nyani hayupo, chui hayupo. Binadamu mwenyewe ndo kamfukuza kila mwizi bila kukusudia.

#16 Mama Tunu
Naomba niwape kisa, mume wangu alilazwa Bengaluru kwa matibabu na nikakaa huko naye muda mrefu, siku daktari aliyoruhusu atoke kupunga upepo tukapelekwa kijiji kimoja kinaitwa Kokkare Bellur, kipo njia ya kwenda Mysore. Jamani. Korongo haohao wa pinki na mwari wakubwa wa kijivu wako juu ya mikwaju NYUMBANI KWA WATU. Bibi anapeta mchele uani, juu ya kichwa chake kuna viota kumi. Kinyesi kinadondoka, wanazoa wanapeleka shambani kuwa mbolea. Wanaamini ndege wale ni baraka na wasipokuja mwaka huo mambo hayatakuwa mazuri. Ukwaju wa mti wenye viota hauvunwi vizuri, na idara ya misitu inawalipa fidia kidogo wenye miti. Nilimuuliza mwenyeji wetu mbona hamuwafukuzi, akaniangalia kama nimetukana mgeni wake.

Hapo hakuna maji wala mamba, kuna watu tu wenye roho nzuri. Mimi siku hizo nilikuwa na mawazo mengi ya hospitali, ila pale nilikaa kwa amani.

#17 Dada wa Capri Point
Mama Tunu pole kwa kuuguza na asante kwa kisa. Mgonjwa anaendeleaje?

#18 Mama Tunu
Mzima kabisa mwanangu, Mungu mwema, yuko hapa anasoma huu uzi begani kwangu.

#19 Mzee wa Mabwawa
Kisa cha Mama Tunu ndicho cha maana kuliko vyote humu. Na hata Ranganathittu usisahau mkono wa mtu. Visiwa vile vimetokana na tuta la mawe lililojengwa kukatiza mto miaka ya 1640, enzi za wafalme wa Wodeyar, maji yakagawanyika vikabaki vile visiwa. Halafu 1940 ndipo Salim Ali, mtaalamu mkubwa wa ndege wa India, alipoushawishi utawala wa Mysore ukatangaza pale kuwa hifadhi. 2022 ikaingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani. Tuta la mtu, ulinzi wa mtu.

#20 Kipanya Mstaarabu
Kwa hiyo kabla ya tuta ndege walikuwa wanazalia wapi?

#21 Mzee wa Mabwawa
Mto Kaveri una visiwa vingine vingi. Srirangapatna yenyewe, mji aliouawa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, 1799, ni kisiwa cha mto huohuo, kilomita chache tu kutoka hapo.

#22 Mwana wa Utete
Wakuu mnazunguka sana, jibu ni CHAKULA. Mimi ni Mrufiji, nimekulia mtoni. Ndege halei pasipo na samaki wa karibu, kifaranga wa korongo anakula sana kila siku. Zunguka hiyo Ranganathittu kuna nini? Mashamba ya mpunga, mifereji, na bwawa kubwa la Krishna Raja Sagara (KRS) upande wa juu wa mto. Mpunga una konokono, vyura, kaa, samaki wadogo. Sasa mzazi anatoka kisiwani, dakika chache yuko jarubani, anajaza koo anarudi. Hao wa kijiji cha Mama Tunu nao naamini wana mabwawa na mto jirani.

Huku kwetu ukienda maziwa ya Rufiji ndani ya hifadhi ya Nyerere, Tagalala, Manze, Nzerakera, mamba wamejaa kila ziwa. Mamba ni wengi kila mahali lakini makoloni ya ndege hayapo kila mahali. Kama ingekuwa mamba tu ndo anavuta ndege, basi kila mvumo wa Rufiji ungekuwa na viota.

#23 Otieno wa Dunga
Mrufiji hapo umepiga ndipo. Na Tana Delta ni vilevile. Pale Garsen yangeyange, mnandi na wengine huzaa kwa wingi mto ukifurika. Mwaka mto ukikosa kufurika, mamba wako palepale lakini ndege hawazai. Wanasoma maji.

#24 Kasia la Kale
Chakula sawa, kinaeleza kwa nini wako ENEO lile. Hakielezi kwa nini mti huu na sio ule wa ng'ambo, mita chache tu, jaruba lilelile. Swali langu la #1 bado liko palepale wakuu.

#25 Binti Malisho
👆 Hapo nakuunga mkono.

#26 Jini Kisiwa
Labda ni mazoea. Ndege anarudi alipozaliwa. Na ndege ambao ndo mara ya kwanza wanataka kujenga, wakiona mti una mamia ya wenzao hai wanajua pale ni salama, mti mtupu hauna ushahidi. Inawezekana sababu ya kwanza ilishakufa zamani na wao bado wanafuatana tu.

#27 Mzee wa Mabwawa
Hoja nzuri hii. Ila miti haidumu. Kinyesi kikizidi mti unakauka, ndege wanalazimika kuhamia mwingine. Huku kwetu Mto wa Mbu korongo domo-njano na mwari walikuwa wanalea kwenye miti mikubwa karibu kabisa na makazi ya watu.

#28 Mwana wa Utete
Mto wa Mbu! Watu, maji, samaki wa ziwa Manyara. Mamba simuoni.

#29 Kipanya Mstaarabu
Mi naona mnasahau kwera. Pale kwetu Ifakara kwera anafuma kiota kwenye ncha ya tete au tawi lililoning'inia juu ya maji, nyoka akijaribu tawi linalegea anatumbukia. Hata mtoto wa shule anajua hili. Sio samaki, kwera anakula mbegu! Kwa hiyo maji kama ulinzi yapo, Mrufiji usikatae.

#30 Mwana wa Utete
Kwera ni mdogo, tawi linamfaa. Korongo mwenye kiota kikubwa vile ataning'inia wapi? Ndugu zangu wa Ifakara mnapenda mpunga mpaka hoja zenu zinatoka jarubani 😂

#31 Kipanya Mstaarabu
Na wewe hoja zako zina miba ya samaki 😂 tuendelee.

#32 Dada wa Capri Point
Naomba kuuliza tofauti kidogo, kuna korongo nimeona kwenye picha za huko mdomo wake haufungi katikati, una tundu. Ni ugonjwa?

#33 Mzee wa Mabwawa
Sio ugonjwa dada. Ni korongo domo-wazi, na Afrika tupo naye wa kwetu, mweusi anayeng'aa. Akizaliwa mdomo unafunga vizuri, uwazi unajitokeza anavyokua. Wengi wanadhani anautumia kuvunjia konokono. Konokono mara nyingi anatoka na gamba zima: analibana gamba, ncha ya mdomo wa chini inaingia chini ya kile kifuniko inakata msuli, nyama inavutwa nje. Ukipita jaruba la mpunga ukakuta magamba matupu yamelundikana, yeye alikuwa hapo. Mkulima anapaswa kumpenda. Domomwiko naye kifaranga wake ukimwona kwa mara ya kwanza hutaamini, mdomo mfupi wa kawaida tu, mwiko unakuja baadaye.

#34 Msafiri wa Pakwach
Mzee tunakushukuru. Na yule mdiria mweusi na mweupe anayesimama hewani akipiga mabawa, yupo huko India?

#35 Kasia la Kale
Yupo! Nilimwona karibu na gati ya boti, nikahisi niko nyumbani.

#36 Mzee wa Mabwawa
Ni yuleyule, spishi moja kutoka kwetu mpaka kwao.

#37 Mwana wa Utete
Mimi kinachoniuma ni mabwawa. Mleta uzi, hilo bwawa la KRS lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930, na liko juu ya visiwa. Masika yao wakifungulia maji, visiwa vinakuwaje? Nauliza kwa sababu Rufiji mchanga wa katikati ya mto wakati wa kiangazi ndo wanapotaga wale ndege wa mdomo wa chini mrefu kuliko wa juu, wanaoruka usawa wa maji mdomo umechana mto. Wanataga mchangani kabisa, kiota ni kishimo tu. Na kwenye kingo za udongo keremkerem wanachimba mashimo yao kwa mamia. Mto usioleta mchanga mpya hautajenga fungu jipya, na mchanga unanaswa bwawani. Maji yakiachiliwa kwa ghafla kiangazi mayai yanakwenda. Nalisema hili kwa moyo mzito, watu wa chini ya mto tunalijua.

#38 Kasia la Kale
Wenyeji wanasema mwezi wa 7 na wa 8 maji ya KRS yakifunguliwa boti zinasimamishwa na sehemu za visiwa zinazama. Ndo maana msimu mkubwa wa kulea ni kuanzia Desemba mpaka karibu na Juni, wakati mto umetulia. Wa mitini wanapona, ila buabua wa mtoni wanaotaga kwenye miamba wazi wanabahatisha. Sijui ingekuwaje kama ratiba ya bwawa ingebadilika.

#39 Otieno wa Dunga
Basi bwawa huko limekuwa rafiki kwa chakula na adui kwa mafuriko. Mambo si rahisi.

#40 Jini Kisiwa
Mnaona sasa tumetoka kwa mamba tuko kwenye mabwawa. Naomba nirudishe: kuna mtu anaweza kutaja kisiwa cha mto chenye maji pande zote, chakula tele, HAKINA mamba, na ndege wamekikataa? Hapo ndo tutajua.

#41 Binti Malisho
Au kinyume chake, kisiwa chenye mamba ambacho nyani wanafika. Huko Ranganathittu nyani wapo?

#42 Kasia la Kale
Wapo, wale wadogo wenye nywele za kichwani kama kofia. Niliwaona upande wa geti wakinyang'anya watu chipsi. Kwenye visiwa vyenye viota sikuona hata mmoja. Popo wakubwa ndo wamejaa huko, wanalala mchana wakining'inia matawi ya jirani na viota, na ndege hawana habari nao.

#43 Binti Malisho
Nyani wako getini na hawavuki. Wanaogopa maji au wanaogopa mamba? Nyani wa jamii ile wanajua kuogelea vizuri tu.

#44 Mzee wa Mabwawa
Wanajua. Hapo nakupa nusu pointi.

#45 Kasia la Kale
Nusu ya Mzee naipokea 🙏

#46 Baharia Mstaafu
Salaam. Mwanangu yuko Bengaluru na mwezi wa 3 namtembelea. Nafikaje huko visiwani?

#47 Kasia la Kale
Karibu sana mkuu. Kuna treni za Bengaluru kwenda Mysore zinazosimama Srirangapatna, ukishuka chukua bajaji, sio mbali. Fika asubuhi mapema, jua likipanda ni kali na wikiendi foleni ya boti ni ndefu. Mgeni analipa zaidi ya mwenyeji na kamera yenye lenzi kubwa ina malipo yake. Boti la pamoja linazunguka haraka, kama unapenda kupiga picha ulizia la kukodi mwende taratibu. Vaa kofia, sio ya jua tu, utapita chini ya viota. Mwezi wa 3 ni wakati mzuri, vifaranga watakuwepo.

#48 Baharia Mstaafu
Nashukuru. Nitawaangalizia na hiyo miti ya ng'ambo.

#49 Mwana wa Utete
Mkuu ukifika angalia korongo wanaruka kuelekea wapi wakitoka kiotani. Ukiona wote wanaelekea majaruba uje useme humu, mimi bado niko na chakula.

#50 Msafiri wa Pakwach
Na uhesabu mamba chini ya kila mti. Mimi bado niko na mamba.